MAPUMZIKO NI YA MFANYAKAZI, SI YA SIGARA

Na Mwanachama, Wandegeya

Ndugu wafanyakazi, katika mikutano yetu ya tawi twazungumza sana habari za mishahara, nyumba na kufukuzwa kazi, na ni haki tuzungumze. Lakini liko jambo jingine ambalo husemwa pembeni tu, mlangoni mwa kiwanda na katikati ya mistari ya miwa. Wenzetu wengi wataka kuacha sigara. Wengine wameacha, wakakaa miezi miwili au mitatu, kisha wakarudi. Ukiwauliza sababu, mmoja atasema ni mawazo, wa pili atasema ni marafiki, na wa tatu atasema waziwazi: "Niliacha, nikaanza kunenepa. Suruali zote zikanikataa."

Huyu wa tatu huchekwa. Mimi nasema asichekwe, kwa maana anasema kweli, na ndani ya kweli yake mna jambo linalokihusu chama.

Tuanze na ukweli wenyewe. Watu wengi wanaoacha sigara huongezeka uzito. Wataalamu waliokusanya uchunguzi wa nchi mbalimbali na kuutangaza mwaka 2012 waliona kwamba, kwa wastani, aliyeacha bila dawa yoyote huongezeka kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa ya kilo hizo huja katika miezi 3 ya mwanzo. Huo ni wastani tu. Karibu mtu 1 kati ya 6 alipungua badala ya kuongezeka, na karibu 1 kati ya 8 aliongezeka zaidi ya kilo 10. Basi asiwepo wa kutuambia kwamba jambo hili ni la kubuni, wala asiwepo wa kututisha kwamba kila aachaye atakuwa pipa.

Sababu zake si uchawi. Katika tumbaku mna nikotini. Nikotini huusukuma moyo upige mbio, huufanya mwili uunguze chakula upesi, tena huituliza njaa. Ukiiondoa, mwili hupunguza mwendo na njaa hurudi. Ulimi nao hupona, pua hufunguka, na maharage ambayo jana hayakuwa na ladha leo yanakuita sahani ya pili. Juu ya hayo, mkono uliozoea kwenda mdomoni mara kumi au ishirini kwa siku hautaki kukaa bure. Hutafuta andazi.

Wenye viwanda vya sigara waliyajua hayo zamani, wakayafanyia biashara. Huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1920, sigara ya Lucky Strike ilitangazwa kwa kuwaambia watu, hasa wanawake, wachukue sigara badala ya peremende ili wasinenepe. Mwaka 1968 ikatolewa sigara nyingine kwa ajili ya wanawake, na wembamba ukatiwa katika jina lake: Virginia Slims. Hofu ya unene tunayoiona leo imekuzwa na watu waliopata faida kwayo.

Hapa kwetu Uganda hofu hiyo ina sura mbili. Katika miaka ya 1980 ugonjwa wa UKIMWI ulipoingia, watu waliuita "Slim", kwa sababu ulimkondesha mtu mpaka akabaki mifupa. Tangu hapo kukonda kulitisha, na mwenye mwili alihesabiwa kuwa mzima. Hata leo mwanamume akiota kitambi hupongezwa kwamba mambo yake ni mazuri. Lakini presha na kisukari havipongezi mtu. Kwa hiyo kitambi tusikisifu, wala tusikiogope kuliko sigara yenyewe.

Maana tukiviweka mizanini, jibu ni wazi. Shirika la Afya Duniani lasema tumbaku huwaua hadi nusu ya wanaoitumia wasipoacha. Aliyeacha, ndani ya saa 12 hewa ya sumu ya moshi hupungua katika damu yake mpaka kiasi cha kawaida. Akitimiza mwaka 1, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo huwa karibu nusu ya ile ya mvutaji. Akitimiza miaka 10, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu huwa karibu nusu pia. Kilo 4 au 5 haziyafuti mafanikio hayo. Anayerudi kwenye sigara ili apungue tumbo ni kama mtu anayechoma nyumba ili afukuze panya.

Hapo ndipo wahubiri wengi wa afya huishia: kula kidogo, fanya mazoezi, kwaheri. Mimi sikubali kuishia hapo, kwa sababu maneno hayo yametungwa kwa ajili ya mtu wa ofisi. Mkata miwa wa Kakira au Lugazi unamwambia afanye mazoezi gani? Mchuma chai anayebeba kikapu mlimani tangu alfajiri umwambie akimbie jioni?

Tumtazame kibarua huyo kwa makini. Anatoka nyumbani gizani, hana kitu tumboni ila chai ya rangi. Saa nne njaa inamshika. Chakula hakipo, au kipo na pesa hakuna. Anavuta sigara, njaa inanyamaza. Saa saba anavuta nyingine. Usiku anafika nyumbani na kula posho mlima mzima, kisha analala. Kwa mtu huyu sigara ilikuwa chakula cha mchana. Akiiacha, njaa inayomjia haikuletwa na kuacha. Ni njaa ileile iliyokuwapo miaka yote, ila ilikuwa imefunikwa kwa moshi. Hatakiwi kuambiwa ale kidogo. Anatakiwa kula mapema, na kula chakula.

Mfanyakazi wa mjini naye ana mtego wake. Nenda Wandegeya saa moja ya jioni, wakati wenzetu wa Kawempe na Bwaise wanapopita Bombo Road kurudi makwao. Upande mmoja iko Mulago, hospitali kubwa ya taifa, na Wizara ya Afya yenyewe haiko mbali. Upande mwingine makaa yanawaka: kuku, muchomo, chipsi, chapati iliyofungwa na mayai tunayoiita rolex, na kikomando cha chapati na maharage kwa mwenye mfuko mwembamba. Sivilaumu vyakula hivyo, wala sivilaumu vijana wanaovipika. Kikomando kimewasitiri watu wengi. Lakini mtu aliyesimama kwenye mashine saa nane au tisa bila kula, aliyeacha sigara wiki iliyopita, akifika pale hawezi kuagiza chapati moja. Ataagiza tatu, na soda juu. Kosa halikuanzia Wandegeya. Lilianzia kiwandani, mchana, palipokosekana chakula.

Sasa nafika kwenye neno langu kubwa. Sigara ilikuwa na kazi nyingine ambayo haisemwi: ilimpa mfanyakazi mapumziko. Nyapara akimwona mtu amesimama bure, humfokea. Akimwona ana sigara mkononi, husema, "Mwacheni amalize." Hivyo dakika tano za kunyoosha mgongo zikawa mali ya mvutaji peke yake. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, imekataza kuvuta mahali pa kazi, na mvutaji sasa hutoka nje mbali na jengo. Sheria hiyo ni njema, nami naiunga mkono. Lakini tujihadhari. Aachaye sigara asipoteze na zile dakika tano. Akizipoteza, ama atarudi kuvuta ili azipate, ama atakula mandazi akiwa amesimama kwenye mashine ili ajiliwaze. Katika njia zote mbili anaumia.

Kwa hiyo chama kidai mapumziko mafupi ya asubuhi na ya alasiri kwa wote, wavutaji na wasiovuta, yaandikwe katika mkataba wa pamoja kwa saa na dakika. Kidai chakula cha mchana kilichopikwa, chenye maharage na mboga, si chai ya sukari na mkate mtupu. Kidai maji safi ya kunywa karibu na kazi, hata mashambani. Tena kiiulize serikali. Uganda iliridhia mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, na kifungu chake cha 14 chazitaka nchi ziwasaidie watu kuacha. Dawa za kutafuna na za kubandika zenye nikotini kidogo, ambazo humsaidia aachaye, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009. Haki yetu ni kuuliza ziko wapi, na kwa bei gani.

Wapo watakaosema: "Chama kishughulike na mishahara. Tumbo la mtu ni mali yake." Nawajibu hivi: mfanyakazi hana shamba la kuuza wala duka. Anachouza ni nguvu za mwili wake. Mwili huo ukiharibika, hakuna mshahara wa kujadiliwa. Na anapolala Mulago kwa moyo au mapafu, mchango wa kumtibu tunauchanga sisi, na watoto wake tunawalea sisi.

Wakati madai hayo yakiendelea, liko ambalo kila mmoja aweza kulianza leo. Acha sigara kwanza, na vita vya kilo uvipiganie polepole baadaye, kwa maana mtu anayejinyima chakula na sigara siku ileile aweza kushindwa vyote viwili. Kula kabla ya kutoka nyumbani, hata kama ni kiporo cha viazi. Beba kitu cha mdomo kisicho andazi: karoti, kipande cha papai, mbegu za maboga. Punguza sukari katika chai kijiko kimoja kimoja. Hamu ya sigara ikikushika, kunywa maji na ungoje dakika chache, hamu hupita. Aliyekaa siku nzima kwenye cherehani au kwenye kibanda cha ulinzi ashuke taksi mapema atembee kipande cha mwisho. Aliyekata miwa tangu asubuhi apumzike. Kila mwezi jipime uzito na presha katika zahanati iliyo karibu, ujue unakokwenda badala ya kukisia kwa suruali.

Na pesa je? Piga hesabu mwenyewe. Anayevuta sigara 10 kwa siku huvuta 3,650 kwa mwaka. Zidisha kwa bei unayonunulia. Sheria ya 2015 imekataza kuuza sigara mojamoja, lakini ukinunua mojamoja mitaani utaona kwamba hesabu ndiyo inayofichwa, kwa kuwa pesa hutoka kidogokidogo kama damu katika jeraha dogo. Pesa hizo zingeweza kununua maharage, mayai na matunda, yaani chakula kilekile ambacho sigara ilikuwa ikikuficha kwamba hukuwa nacho.

Mwisho nawaambia wajumbe wa chama katika kila idara: mwenzenu akiacha sigara, msimwache peke yake na msimtanie mwili wake. Kaeni naye wakati wa mapumziko, mle pamoja. Na mwajiri akisema kwamba, kwa kuwa sasa hakuna wavutaji, hakuna haja ya mapumziko, mjibuni kwa sauti moja: sigara tumeiacha, mapumziko hatukuyaacha.