Nani Alimpa Leseni?

Tarehe 8 Novemba 1994 mchungaji mmoja wa Chicago alikuwa safarini na mkewe na watoto wao 6 katika barabara kuu karibu na Milwaukee, jimboni Wisconsin, nchini Marekani. Kipande cha chuma kilikuwa kimedondoka kutoka kwenye lori lililotangulia. Gari lao lilikikanyaga, kikatoboa tangi la mafuta, na gari likashika moto. Wazazi waliokoka wakiwa wameungua. Watoto wote 6 walifariki. Madereva wengine wa malori walikuwa wamekiona chuma kile kikining'inia na walijaribu kumwonya mwenzao kwa redio ya garini, lakini hakuwaelewa, kwa sababu Kiingereza hakukijua vya kutosha.

Kwa mazoea yetu hapa Tanzania, taarifa ya ajali kama hiyo ingekwisha kwa maneno tunayoyajua kwa moyo: chanzo ni uzembe wa dereva, na dereva amekimbia kusikojulikana. Kule dereva hakukimbia. Hata hivyo, wako wakubwa waliotaka habari iishie kwake, na hapo ndipo kisa hiki kinapotuhusu.

Dereva yule alikuwa na leseni ya malori iliyotolewa na jimbo la Illinois. Huko leseni za udereva hutolewa na ofisi ya Katibu wa Jimbo, cheo cha kuchaguliwa kwa kura, ambacho wakati ule alikuwa nacho George Ryan. Ofisi hiyo ilikuwa na wachunguzi wake wa ndani, kazi yao ikiwa ni kufuatilia maovu ya watumishi. Walipotaka kujua mtu asiyeelewa onyo la redioni alifaulu vipi mtihani wa lori, mkuu wao aliwazuia. Mkuu huyo, Dean Bauer, alikuwa ameteuliwa na Ryan, na walikuwa marafiki wa miaka mingi.

Ukweli ulitoka pale walipoingia wapelelezi na waendesha mashtaka wa serikali ya shirikisho, watu ambao Ryan hakuwa na uwezo wa kuwahamisha wala kuwafukuza. Ilidhihirika kwamba katika baadhi ya vituo leseni za malori zilikuwa zikiuzwa, na sehemu ya rushwa hiyo ilitumika kununua tiketi za hafla za kuchangia kampeni za Ryan. Watumishi walikuwa wakibanwa wauze tiketi hizo, na aliyeuza nyingi alionekana mfanyakazi hodari. Mashtaka ya kwanza yalitoka 1998, na mwaka huohuo Ryan alichaguliwa kuwa gavana. Bauer alikiri mwaka 2001 kosa la kuzuia haki isitendeke. Zaidi ya watu 70 walitiwa hatiani, na Aprili 2006 ikawa zamu ya Ryan mwenyewe, aliyehukumiwa kifungo cha miaka 6 na nusu.

Niseme pembeni kwamba Ryan huyuhuyu, siku chache kabla ya kuondoka madarakani Januari 2003, aliwaondolea adhabu ya kifo wafungwa wote wa jimbo lake waliokuwa wakisubiri kunyongwa, uamuzi ambao mimi nauheshimu mpaka leo. Nalitaja hili kwa sababu tumezoea kumtafuta shetani katika kila kashfa, na tukishamkosa tunadhani hakuna kashfa. Hapa hakukuwa na shetani. Palikuwa na ofisi ambamo anayetahini, anayekusanya na anayechunguza walikuwa chini ya paa moja na bwana mmoja.

Ndiyo maana sikisomi kisa hiki kama hadithi ya rushwa tu. Nakisoma kama somo la namna ya kuongoza kitengo cha dola kinachosimamia magari ya biashara. Karani aliyepokea bahasha alikosa, na ni haki afungwe. Lakini shinikizo la kupata fedha lilishuka kutoka juu, na kinga dhidi ya uchunguzi ilishuka kutoka juu vilevile. Popote askari wa barabarani anapopimwa kwa kiasi cha faini alichokusanya, atajifunza haraka kwamba lori bovu linalolipa kila siku ni mali, na lori bovu lililozuiwa kituoni ni hasara.

Wapo watakaoniambia kwamba rushwa ni tatizo la mishahara midogo: mlipe trafiki vizuri, atatulia. Naunga mkono alipwe vizuri. Lakini tazameni Massachusetts, ambako polisi wa jimbo hawana sifa ya njaa. Januari 2024 askari 4 wa jeshi hilo, waliokuwa kazini na waliokwisha kuondoka, pamoja na raia 2, walishtakiwa katika mahakama ya shirikisho kwa makosa 74 yanayohusu mitihani ya leseni za malori. Sajini aliyekiongoza kitengo chenyewe alikuwa miongoni mwao, na Mei 2025 baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani. Aliuza kwa nini? Mashine ya kuondolea theluji ya karibu dola 2,000. Kutengenezewa njia ya gari nyumbani kwake kwa zaidi ya dola 10,000. Maji ya chupa. Watahiniwa waliopitishwa bila kustahili walipewa neno la siri, "golden", na askari wakawasiliana kwa simu wakiwacheka wale wasiojua kuendesha. Walijua kabisa wanamwachia nani barabara.

Na kanuni zilikuwepo! Sheria za shirikisho zinalitaka kila jimbo liwafuatilie watahini wake, angalau mara 1 kila miaka 2, kwa ukaguzi wa kushtukiza na hata wa siri. Kanuni hizo zinahitaji mtu wa kuzisimamia, na mkuu wa kitengo akiwa yeye ndiye mchuuzi, kanuni hubaki kabatini.

Turudi nyumbani. Leseni yetu huchapwa na Mamlaka ya Mapato, lakini anayemtahini dereva ni askari wa usalama barabarani. Anayekagua gari ni askari wa usalama barabarani. Anayelisimamisha njiani na kuandika faini ni yeye. Basi likipinduka usiku na watu 20 wakafa, anayekuja kupima alama za matairi na kutangaza chanzo ni wa jeshi hilohilo. Ni kweli LATRA wana mamlaka yao juu ya magari ya biashara na madereva wake, na TANROADS wana mizani. Ila kalamu inayoandika chanzo cha ajali haijatoka mkononi mwa polisi. Sisemi kwamba askari wetu ni waovu. Nimewahi kumwona mmoja akikataa kulipa basi ruhusa ya kuondoka huku abiria, mimi nikiwa mmoja wao, tukimzomea kwa kutuchelewesha. Tairi la nyuma lilikuwa na ufa wa kuingia kidole. Ninachosema ni kwamba hatujawahi kumpa mtu yeyote aliye nje ya jeshi kazi ya kuuliza: dereva huyu alitahiniwa na nani, na gari hili lilipasishwa na nani?

Wamarekani, kwa ajali kubwa, wana bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ambayo tangu 1975 iko nje ya wizara ya uchukuzi. Haitoi leseni wala haitozi faini, hivyo haina kazi yake mwenyewe ya kuficha. Nasi tungeweza kuwa na chombo cha namna hiyo, kidogo, kwa ajali za mabasi na malori tu. Najua nitaambiwa fedha hazipo.

Basi tuanze na jambo lisilohitaji fedha. Katika taarifa ya kila ajali ya gari la biashara iliyoua mtu, ziongezwe safu 3: namba ya askari aliyemtahini dereva, kituo na tarehe ya mtihani, na namba ya aliyelikagua gari mara ya mwisho. Taarifa hizo zipelekwe TAKUKURU na kwa kamati ya Bunge kila baada ya miezi 6, bila kupitia kwa mkuu wa kitengo kinachohusika. Huenda namba zikatawanyika nchi nzima bila mpangilio wowote, na hapo nitawaomba radhi askari wetu hadharani, kwenye ukurasa huuhuu. Huenda pia kituo kimoja kikajirudia.