Je, Kumshitaki Mkubwa Asiyetazamiwa Kuhukumiwa ni Kazi Bure?

Juzi baada ya ibada walikaa walimu na wazee kadhaa chini ya mwembe wakizungumza habari za dunia, na mmoja wao, mtu mwenye akili na mcha Mungu, akatoa neno ambalo limetusumbua tangu siku ile. Alisema, "Hawa Wamarekani wana mambo ya ajabu. Wamewashitaki marais wao mara nne, na mara zote nne wameshindwa. Mtu akijua kwamba hatashinda, barazani aenda kutafuta nini?" Wengi wakacheka na kuitikia. Sisi hatukucheka, kwa kuwa twaona neno hilo lina sumu ndani yake, nalo lastahili kujibiwa mbele ya watu wote.

Hesabu yake ni ya kweli, hatuikatai. Andrew Johnson alishitakiwa mwaka 1868, Bill Clinton mwaka 1998, na Donald Trump mara mbili, mwaka 2019 na mwaka 2021. Wala hakuna aliyepatikana na hatia. Sababu imo katika sheria yenyewe. Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, yasema kwamba Baraza la Wawakilishi ndilo lenye haki ya kumshitaki Rais, na hapo wingi wa kura watosha. Lakini kuhukumu ni kazi ya Seneti. Maseneta hula kiapo kwanza, Jaji Mkuu huketi kuongoza kesi ikiwa mshitakiwa ni Rais aliye kazini, na hapati hatia ila theluthi mbili ya waliohudhuria wakubali. Adhabu nayo si kifungo wala faini: ni kuuzuliwa, na pengine kukatazwa asishike tena kazi ya serikali. Na kwa kuwa maseneta nao ni watu wa vyama, mara nyingi huwa ni kesi ya ngedere aliyopelekewa nyani. Wala tusidhani kwamba ni mambo ya mbali tu, maana Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 145, yataka theluthi mbili katika mabaraza yote mawili kabla Rais hajaondolewa.

Basi yule mwenzetu asema kwa maneno mengi yale ambayo wahenga waliyasema kwa machache: mwenye nguvu mpishe. Kumpisha tembo njiani ni akili. Lakini kumpisha mtu aliyekula kiapo cha kuwatumikia watu, naye amekivunja, hiyo ni akili gani?

Katika kijiji kimoja tulichofundisha zamani, ng'ombe wa mtu mkubwa waliingia shamba la mjane wakala mahindi yote. Majirani walimsihi mjane anyamaze, kwa kuwa wazee wa baraza walikuwa ndugu na rafiki za yule bwana. Mjane akaenda vivyo hivyo, akashindwa, kama walivyomwambia. Lakini siku ile yule mkubwa alisimama mbele ya watu akaulizwa ng'ombe wale ni wa nani; mchungaji wake akaulizwa alikuwa wapi; na wale wazee wakatoa hukumu yao kwa vinywa vyao wenyewe, watoto wao wakisikiliza. Mjane hakulipwa hata debe moja. Lakini msimu uliofuata ng'ombe wale hawakuonekana tena upande ule wa mto.

Tena, ni nani ajuaye mwisho wa kesi kabla mashahidi hawajasema? Mwezi wa Februari 1974 Baraza la Wawakilishi liliipa kamati yake ya sheria ruhusa ya kumchunguza Rais Richard Nixon. Chama cha wapinzani wake hakikuwa na theluthi mbili katika Seneti, na mtu wa hesabu angesema, "Acheni, hamtaweza." Hawakuacha. Tarehe 24 Julai mwaka ule Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile ilimwamuru azitoe kanda alizokuwa akinasia mazungumzo ya ofisini mwake, na tarehe 5 Agosti maneno ya kanda moja yakatolewa, watu wakasoma jinsi alivyokubali shauri la kuwazuia wapelelezi. Hata wale wa chama chake waliomtetea katika kamati wakamwacha, na tarehe 9 Agosti akatoka kazini. Nixon hayumo katika hesabu ya yule mwenzetu, kwa kuwa alijiuzulu kabla Baraza zima halijapiga kura. Hesabu isiyomtaja aliyekimbia ni hesabu ya namna gani?

Lakini habari ya Andrew Johnson yatugusa zaidi sisi Waafrika, nayo twaitaja kwa uchungu. Johnson alishika urais mwezi wa Aprili 1865, Abraham Lincoln alipouawa, wakati watumwa wapata milioni 4 walipokuwa wakitoka katika minyororo. Mtu huyu alikataa kutia sahihi sheria ya mwaka 1866 ya kuwapa uraia na haki sawa, hata wabunge wakaipitisha juu ya kichwa chake. Mwaka ule ule, mwezi wa Mei katika mji wa Memphis na mwezi wa Julai katika mji wa New Orleans, watu weusi waliuawa na makundi ya watu, na askari polisi walikuwamo katika makundi hayo. Aliposhitakiwa mwezi wa Februari 1868, mashitaka yalikuwa 11. Je, yalihusu nini? Mengi yalihusu habari ya Edwin Stanton, waziri wa vita, ambaye Rais alimfukuza bila idhini ya Seneti, kinyume cha sheria iliyotungwa mwaka 1867. Hakuna hata shitaka moja lililomdai Johnson damu ya watu wale.

Hapo ndipo twaona kosa lilipo. Walimshika mtu kwa jambo la cheo na barua ya kufukuzia, wakaliacha jambo lililowafanya wamchukie. Kura zilikuwa 35 kwa 19, naye aliokoka kwa kura moja tu, maana zilitakiwa 36. Mwaka 1926 Mahakama Kuu ile ile ikasema kwamba sheria ya namna ile haikupatana na Katiba. Kwa hiyo wale waliomwachilia wapata kusifiwa hata leo kwa kuilinda Katiba, na waliokuwa na haki ya kulia hawakuandikwa popote katika mashitaka. Twasema tena: ubaya haukuwa kushitaki, ubaya ulikuwa kushitaki lile dogo. Na hata hivyo kesi ile haikuwa bure kabisa. Wakati ilipokuwa ikiendelea Johnson alijizuia, akamchagua John Schofield awe waziri wa vita ili kuwatuliza maseneta. Na chama alichokitumaini hakikumsimamisha katika uchaguzi wa mwaka ule.

Kwa Clinton hatutakawia. Kuapa uongo ni dhambi, na uzinzi pia. Lakini si kila dhambi ya Rais ni kosa juu ya nchi. Watu wa Marekani waliona hivyo, maana katika uchaguzi wa Novemba 1998 chama chake kiliongeza viti katika Baraza la Wawakilishi, hata kabla mashitaka hayajapigiwa kura. Hapo twamkubalia mwenzetu. Anayepiga ngoma ya hatari kila paka apitapo, siku ya chui hakuna atakayetoka.

Ama siku ya chui ilikuja tarehe 6 Januari 2021, umati wa watu ulipovunja milango ya jengo la bunge wakati kura za urais zilipokuwa zikihesabiwa. Baada ya juma moja Baraza lilimshitaki Trump kwa kura 232 kwa 197, na 10 wa chama chake walikuwamo miongoni mwa waliomshitaki. Tarehe 13 Februari maseneta 57 walisema ana hatia na 43 wakasema hana; zilitakiwa 67. Mitch McConnell, mkubwa wa chama chake katika Seneti, alipiga kura ya kumwachilia, kisha akasimama siku ile ile akasema kwamba Trump ndiye mwenye kulaumiwa kwa yaliyotukia.

Mwenzetu atatuambia, "Naye si amechaguliwa tena mwaka 2024?" Naam, alichaguliwa. Lakini lawama hiyo amtupie nani? Kama theluthi mbili wangalipatikana, Seneti ingaliweza kumkataza asirudi tena, kwa wingi wa kura tu. Mlinzi wa kitabu cha Ezekieli hakuulizwa kama mji uliokoka. Aliulizwa kama alipiga tarumbeta. Yohana Mbatizaji naye alipomkemea Herode hakuwa na theluthi mbili ya baraza lolote.

Na katika kesi ya kwanza ya Trump, iliyokwisha tarehe 5 Februari 2020, alikuwako seneta mmoja, jina lake Mitt Romney, wa chama kile kile cha Rais. Alijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba kura yake haitamwondoa Rais. Alisimama akaeleza kwamba ameapa mbele ya Mungu, na kwamba kiapo hicho kwake ni jambo zito. Shitaka la pili aliliona halikuthibitika, akalikataa. Kwa lile la kwanza, la kuutumia vibaya uwezo wa cheo, alisema ana hatia. Kura zilipohesabiwa zilikuwa 48 kwa 52, na katika wale 48 yeye peke yake ndiye aliyetoka upande wa Rais. Wala kabla yake hapakuwa na seneta aliyepata kupiga kura ya kumwondoa Rais wa chama chake mwenyewe.