Sahihi Niliyoiahirisha

Leo nataka unisindikize hadi kwenye kabati langu la vitabu hapa Kiminini. Usitarajie makubwa. Ni kabati la mbao lililotengenezwa na fundi wa sokoni, lenye rafu nne na mlango mmoja uliokataa kufunga tangu mvua iuvimbishe. Rafu ya juu kabisa watoto hawaruhusiwi kuigusa. Humo mna vitabu 17 vilivyotiwa sahihi na waandishi wenyewe, kwa mikono yao, mbele ya macho yangu au ya mtu ninayemwamini. Mama watoto huviita "vitabu vya kutazamwa", na kusema kweli hajakosea sana.

Lakini kuna cha 18 ambacho hakina sahihi, na ndicho kinachoniuma.

Kitabu chenyewe ni Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyochapishwa na Longhorn mwaka wa 1996. Sisi watu wa huku tuliisoma kwa fahari ya pekee, maana safari ya Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga, inamleta mpaka Kitale yetu. Si mara nyingi mtu husoma hadithi akakuta imepita barabara anayopitia yeye akienda kununua mbolea! Mwandishi naye alikuwa wetu. Alizaliwa Bungoma akalelewa upande wa Cherang'any. Kwa hivyo nilijiambia kwamba huyu si mgeni, huyu nitampata tu. Akienda Marekani kusoma, nikasema atarudi. Akirudi, nikasema sasa ana shughuli nyingi. Mwaka wa 2013 Kidagaa Kimemwozea ikaanza kutahiniwa katika shule za upili, nikasema bila shaka atazuru shule za huku na nitakwenda na kitabu changu mkobani.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Tarehe 10 Aprili 2020 aligongwa na matatu jijini Nairobi, akafa. Alizikwa mwezi huo huo kwao Cherang'any, wakati korona ilikuwa imezuia watu kujaa mazishini. Hata huko sikufika.

Kuna jambo moja ambalo hunijia kila nikikifungua kitabu hicho. Jina alilopewa nyumbani lilikuwa Kennedy Waliaula. Hilo la Walibora alilibuni yeye mwenyewe kwa mapenzi yake ya Kiswahili. Je, kalamuni angenitilia lipi? Sitajua.

Huenda unauliza, msomaji, sahihi ina faida gani? Maneno ndani ya kitabu si yale yale? Ni yale yale. Lakini kitabu cha dukani ni ndugu ya vingine elfu, ilhali kilichotiwa sahihi kina siku yake na mahali pake. Nikishika mmojawapo wa wale 17 nakumbuka chumba, mvua iliyonyesha, na hata soda niliyonunuliwa. Tena sahihi huongezeka maadamu mwenyewe yu hai, na akiondoka hesabu hufungwa. Shaaban Robert alifariki mwaka wa 1962. Hata ungekuwa na shamba zima la mahindi, huwezi kumwongezea sahihi moja zaidi. Euphrase Kezilahabi alituacha Januari 2020, naye Ngugi wa Thiong'o Mei 2025.

Wako wanaotafuta sahihi kwa ajili ya fedha. Sina ugomvi nao, ila wajihadhari. Mwezi wa Novemba 2022 kampuni moja kubwa ya uchapishaji kule Marekani iliuza nakala 900 za kitabu cha mwimbaji Bob Dylan, kila moja kwa dola 599, zikiwa na hakikisho kwamba alizitia sahihi kwa mkono wake. Wanunuzi wakaanza kulinganisha picha, na kumbe sahihi zilifanana kama mayai. Zilikuwa zimeandikwa na mashine! Kampuni ikawarudishia watu fedha zao, na Dylan mwenyewe akaomba radhi. Mkono wa bin-Adamu haurudii sahihi moja sawasawa mara mbili, sembuse 900. Ukipewa kitabu ukashuku, pitisha kidole nyuma ya ukurasa. Bairo huacha mfereji mdogo. Iliyochapwa mtamboni haiachi kitu.

Sasa nikuungamie aibu yangu. Miaka ya nyuma mwandishi mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, alialikwa katika shule moja ya huku. Nikapanga foleni na kitabu chake nilichokuwa nimekinunua kando ya barabara kwa bei ya kutupa. Alipokifungua akanyamaza. Akapapasa karatasi, akatazama herufi zilizofifia, kisha akaniuliza kwa upole nilikinunua wapi. Kilikuwa kitabu cha wezi, kilichotolewa nakala kichinichini, ambacho hakikumletea senti moja ya mrabaha. Alikitia sahihi, Mungu ambariki, lakini nilitamani ardhi ipasuke. Siku hiyo hiyo nilinunua nakala halali kutoka katoni aliyokuja nayo. Ile ya wizi ningali nayo, ila haimo kwenye rafu ya juu.

Kwa hivyo ukitaka sahihi, anza kwa kununua kitabu halali. Siku hizi waandishi wengi huuza vitabu vyao wenyewe: unatuma fedha kwa M-Pesa, unamtajia jina unalotaka liandikwe, na kitabu kinakufikia kwa matatu ya mizigo. Mwambie atie sahihi kwenye ukurasa wa ndani wenye jina la kitabu, wala si kwenye jalada ambako itasuguka. Beba bairo yako, maana kalamu ya wino mzito hupenya karatasi. Tena mwombe aandike tarehe na mahali. Wauzaji wa Ulaya hupendelea sahihi tupu bila jina la mwenye kitabu, ati huuzika kwa urahisi. Mimi napenda jina langu liwepo. Sikukitafuta ili nikiuze.

Kuhusu kutunza, adui wetu huku ni unyevu na mchwa. Usifunge kitabu kwenye mfuko wa plastiki, kitatokwa na jasho na kuota ukungu. Kiache kipumue, mbali na ukuta na jua la dirishani.

Adui wa tatu ni sisi wenyewe tunapokufa bila kusema. Ukienda makavazi ya Kitale utasikia habari za Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyekusanya wadudu, ndege na vitabu tangu utotoni mpaka alipofariki mwaka wa 1966. Mzee huyo aliacha wosia, na mkusanyo wake ndio ulioanzisha makavazi hayo. Linganisha na mwalimu mmoja mstaafu, jirani yangu, aliyekuwa na vitabu viwili vilivyoandikwa jina lake na watunzi wake. Hakumwambia mtu. Baada ya matanga nilipita kuwapa pole watoto, nikauliza juu ya vitabu. Wakaniambia katoni zote zilikuwa zimeuzwa kwa kilo kwa wauza njugu. Hawakuwa watoto wabaya. Hawakujua tu.

Niliporudi nyumbani nilikata vikaratasi 17 nikaandika kila kimoja: nani, wapi, lini. Nikaviweka ndani ya vitabu, kisha nikamwita kifungua mimba wangu nikamwonyesha. Alipofika kwenye Siku Njema akauliza, "Baba, mbona hiki hakina kitu nacho kiko huku juu?" Nikamweleza. Akanishauri niandike angalau tarehe niliyokinunua, nami nimeiandika kwa penseli, pembeni. Mahali pa sahihi nimepaacha wazi.

Jumamosi ijayo nina safari ya Bungoma. Kuna mzee mmoja mtunzi wa mashairi ambaye nimekuwa nikisema nitamtembelea tangu mwaka juzi. Nimempigia simu, amesema atanipikia kuku. Kitabu chake kiko mezani, na nimenunua bairo mbili, endapo moja itagoma.