Kabureta Ipimiwe Nyeri, Si Mombasa

Mwenye Peugeot 504, pikapu ya Datsun au Land Rover ya zamani hapa Nyeri anaujua wasiwasi wa siku ya ukaguzi. Ajabu ni kwamba wapo wanaokimbilia kwa fundi siku moja kabla, parafujo ya kabureta ikazwe hadi moshi upungue, na cheti kikishapatikana wanarudi ilegezwe tena ili gari lipate nguvu za kupanda mlima. Huko ni kumhadaa nani, ewe msomaji?

Chanzo cha shida ni hewa yenyewe. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki zaidi ya mita 1,900. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja katika kila sita. Gari la kisasa lina kompyuta ya kupunguza petroli ipasavyo. Kabureta haina akili hiyo. Iliyopimiwa pwani huendelea kumimina petroli kupita kiasi, na petroli isiyopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi.

Gesi hiyo haina rangi wala harufu, kwa hivyo moshi kupotea machoni si kusema sumu imekwisha. Hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ndiyo maana dereva huumwa na kichwa na kuhisi kichefuchefu, akadhani ni mafua. Asubuhi za baridi ya Julai, anayewasha gari kwa choki ndani ya gereji iliyofungwa, watoto wakiwa wameketi tayari kwenda shule, anacheza na kifo.

Mwambie fundi aanze na chujio la hewa, kwani vumbi la mashambani huliziba upesi. Kisha atoe plagi. Zikiwa na masizi meusi makavu, petroli imezidi. Atazame kama choki inafunguka yote, na kama sindano ya boya inafunga sawasawa. Parafujo ije mwisho, injini ikiwa na moto, na ikibidi jeti ibadilishwe kwa ndogo zaidi. (Moshi wa samawati ni oili inayoungua, na huo hauponywi na parafujo yoyote.)

Kanuni za Ubora wa Hewa zilitolewa mwaka 2014. Wakaguzi nao wasitosheke na macho. Wapime gesi kwa mtambo. Mama anayeuza mboga kando ya stendi ya matatu hana gari, lakini anavuta moshi wa wenye magari kutwa nzima.

Na ukiteremka pwani kwa muda mrefu, kabureta ipimwe upya huko, isije injini ikapata joto kupita kiasi.