Anayelazimisha bima awajibike kuieleza

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inamtaka kila mkazi wa nchi hii awe na bima, na gazeti hili halina ugomvi na lengo hilo. Katika kaya nyingi za hapa wilayani Chato ugonjwa mmoja mkubwa hutosha kumaliza ng'ombe zizini, kuuza injini ya mtumbwi au kukopea pamba ambayo haijavunwa. Kuchangia kabla ya maradhi ni busara kuliko kupitisha daftari la michango mgonjwa akiwa tayari kitandani. Lakini Serikali inapomwambia mkulima, mvuvi na mchimbaji mdogo kwamba kujiunga si hiari tena, inajitwika mzigo ambao haikuwa nao zamani: kuhakikisha kila anayelipa anajua amelipia nini, na anajua aende wapi akinyimwa.

Mzigo huo bado haujabebwa ipasavyo. Mgonjwa mwenye kadi hufika dirisha la dawa, karatasi mkononi, akaambiwa akanunue nje. Haelezwi kama dawa hiyo haimo kwenye kitita cha mafao yake au imeisha tu stoo ya kituo. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. La kwanza ni mpaka wa mkataba, na mwanachama hana budi kuuheshimu. La pili ni upungufu wa mtoa huduma, na halikupaswa kuhamia mfukoni mwa mgonjwa. Kwa kuwa jibu ni la mdomo na foleni inasukuma, yote mawili huishia kwenye duka lile lile la dawa ng'ambo ya barabara, wala hakuna karatasi itakayomwonyesha mkaguzi kilichotokea. Wapo pia wanaotia saini fomu ya madai kabla haijajazwa, wakidhani ni taratibu za mapokezi, kumbe wamethibitisha vipimo na dawa ambazo hawajaziona.

Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF), uliofanyiwa majaribio Igunga mwaka 1996, ulipoboreshwa mwaka 2018 uliweka mchango wa Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na huduma zake zikaanzia zahanati na kukomea hospitali ya rufaa ya mkoa. Iliyojengwa Chato ni hospitali ya rufaa ya kanda, ngazi ya juu zaidi. Mwenye kadi ya CHF aliweza kuliona paa la hospitali hiyo kila siku na bado kadi yake isimfikishe mlangoni. Ngazi hizo zina sababu: mchango mdogo hauwezi kulipa madaktari bingwa, na mgonjwa wa malaria anayeruka zahanati humzibia njia mwenye kuhitaji upasuaji. Hilo tunalikubali. Tusilolikubali ni mtu kulifahamu akiwa mapokezi na mtoto mgongoni, ilhali afisa mwandikishaji alikuwa na nafasi ya kumwambia siku aliyopokea fedha yake.

Sasa Serikali imetangaza kifurushi cha Sh150,000 kwa kaya ya watu sita, mara tano ya mchango ule. Ukanda huu una kaya nyingi ambamo watu sita ni nusu tu ya wanaokula chungu kimoja. Je, mtoto wa saba anasajiliwa vipi, na bibi anayelelewa hapo ni mtegemezi wa nani? Maswali haya yajibiwe kijijini kabla ya risiti kukatwa. Yakiachwa, yatajibiwa na karani wa mapokezi, kila mmoja kwa namna yake.

Haki ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) nayo ipimwe kwa mizani hiyo hiyo. NHIF, uliozaliwa kwa sheria ya mwaka 1999, umeumizwa na vituo vinavyodai huduma zisizotolewa na wanachama wanaoazimana kadi kama majembe. Anayemwazima shemeji kadi anawaibia wanachama wenzake, na asitegemee utetezi wetu. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja kwa Toto Afya Kadi uliposimamishwa, hoja ya mfuko kwamba wengi walisajiliwa wakiwa tayari wagonjwa ilikuwa na uzito wa kihesabu. Hata hivyo, hesabu sahihi haimwondolei mtu wajibu wa kutoa taarifa mapema. Machi 1, 2024, hospitali binafsi zilipogoma kuwahudumia wanachama wa NHIF kwa kupinga bei za kitita kipya, kila upande ulikuwa na hoja za kujitetea. Mwanachama, ambaye makato yake hayakugoma hata siku moja, ndiye aliyeambiwa alipe taslimu au aondoke. Mgogoro wa bei ni wa wenye mkataba. Kuumalizia juu ya mgonjwa ni kuvunja ahadi, hata kama ugomvi uliisha baada ya siku chache.

Katika mkoa wetu wa madini lipo jingine lisilosemwa vya kutosha. Mwajiriwa anayeumia kazini analindwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao huchangiwa na mwajiri peke yake. Mwajiri anayemwelekeza majeruhi wake atumie kadi ya familia, au anayekata michango ya bima bila kuiwasilisha, amekiuka wajibu wake na anastahili kufikishwa panapohusika. Wachimbaji wanaoshuka kwenye maduara bila mkataba wa ajira hawana hata mlango huo, na hapo halmashauri haiwezi kujificha nyuma ya neno sekta isiyo rasmi.

Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ipo, na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima yupo kisheria. Kwa mkazi wa mwaloni, vyombo hivyo ni majina ya redioni. Jambo moja lingeweza kuvisogeza karibu kuliko semina zote: kila kituo kinachomnyima mwanachama huduma au dawa kilazimishwe kuandika sababu kwa Kiswahili, pamoja na tarehe na jina la mhusika, na nakala abaki nayo mgonjwa. Kituo kinachofuata mkataba hakina cha kuhofia katika karatasi hiyo. Kinachouhofia uandishi huo ndicho kinachopaswa kukaguliwa kwanza.

Wizara ya Afya ina mamlaka ya kutoa agizo hilo, na madiwani wa Chato wana kikao cha kulidai. Wafanye hivyo kabla kaya nyingine haijatozwa shilingi.