Ugonjwa Unaofuka na Nauli ya Kliniki



Mwezi Januari mwaka 2025 wilaya ya Biharamulo ilipatwa na homa ya Marburg. Ugonjwa ule haukumpa mtu nafasi ya kutafakari. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, waliougua, wakiwemo waliothibitishwa kwa vipimo na waliodhaniwa, walikuwa 10, na wote 10 walifariki dunia, kabla ya mlipuko kutangazwa kuwa umekwisha tarehe 13 Machi mwaka huo. Hapo sote tulijifunza kuuogopa ugonjwa unaokimbia. Juma hili tunapenda kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa wa tabia nyingine kabisa, ambao haukimbii wala hauambukizi, bali unafuka polepole kama kaa lililofunikwa majivu.

Mmoja wa wazee wetu ameturuhusu kulisema jambo lake pasipo kumtaja jina wala kigango. Alikwenda hospitali kwa sababu nyingine, damu yake ikaonekana kuwa na protini isiyo ya kawaida, akapewa rufaa, akachotwa uboho, yaani ute ulio ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa. Jibu likaja kwamba ana mayeloma, lakini ile inayofuka, isiyowaka bado. Daktari akamwambia hatampa dawa yoyote kwa sasa, ila arudi baada ya miezi 3. Mzee aliporudi kijijini alitufuata akasema: “Padre, wamenirudisha nyumbani nikafie kwetu.”

Neno hilo ndilo lililotusukuma kuandika, maana sivyo alivyoambiwa.

Mayeloma ni saratani ya chembe za plazima, ambazo kazi yake katika mwili ni kutengeneza kingamwili za kupambana na maradhi. Chembe hizo zikiharibika na kuongezeka ndani ya uboho, hujaza damu protini isiyo na faida. Ugonjwa ukishawaka hutambulikana kwa madhara yake: mifupa hudhoofika na hata kuvunjika, figo hushindwa, damu hupungua, kalsiamu huzidi katika damu. Inayofuka ni hali ambayo chembe mbovu zimekwisha kuonekana, lakini hakuna hata moja ya madhara hayo. Hali hiyo ilipewa jina lake na kuelezwa na madaktari wa Mayo Clinic huko Marekani mwaka 1980, na waliipa jina hilo kwa sababu waliona wagonjwa waliokaa miaka bila kuumwa wala kutibiwa.

Hospitali hiyohiyo ilichapisha mwaka 2007 utafiti uliofuatilia wagonjwa 276. Katika miaka 5 ya mwanzo, takriban wagonjwa 10 katika kila 100 waliwakiwa na ugonjwa kila mwaka. Baada ya hapo idadi ilishuka hadi kama 3 kwa mwaka, kisha 1. Hata baada ya miaka 15, zaidi ya robo walikuwa hawajafikia hatua ya kuwaka. Hesabu hizi hazimwahidii mtu yeyote siku zake, na hatari ya huyu si sawa na ya yule. Hata hivyo mtu aliyeandaa sanda kwa sababu ya neno “saratani” anastahili kuzijua.

Basi kwa nini daktari asitibu mara moja? Kwa sababu dawa za mayeloma ni kali, nazo kwa miaka mingi hazikuonekana kumfaidia mgonjwa ambaye bado hajaumwa. Elimu hii inasonga mbele, naam. Mwezi Desemba 2024 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 390 walio katika hatari kubwa, nusu yao wakipewa dawa iitwayo daratumumabu na nusu wakiangaliwa tu. Baada ya miaka 5, wagonjwa 63 katika kila 100 waliotibiwa walikuwa hai na ugonjwa haujawaka, dhidi ya 41 kwa wale walioangaliwa tu. Dawa hiyo ni ya gharama ambayo wakulima wetu wa kahawa na maharage hawawezi kuisogelea. Twaitaja ili ieleweke kwamba swali la kusubiri au kutibu hujibiwa na daktari bingwa wa magonjwa ya damu akiwa na vipimo mkononi, na jibu lake la mwaka huu laweza kubadilika mwaka ujao. Kwa hiyo kule “kusubiri” ni kazi ya kitabibu. Anayesubiri bila kurudi kliniki hasubiri, amejiachia tu.

Hapa ndipo ugumu wa kwetu unapoanza. Bingwa wa damu hapatikani Ngara wala Biharamulo. Jirani kwetu kuna Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa iliyo mali ya Baraza letu la Maaskofu, na safari yake imekuwa nyepesi kidogo tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipozinduliwa mwezi Juni 2025 na foleni ya kivuko ikaisha. Mbele zaidi kuna Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Huko, mwaka 2021, madaktari walianza kupandikiza uboho, na wagonjwa wa mayeloma ndio waliotangulia kupata huduma hiyo. Lakini upandikizaji ni wa ugonjwa uliokwisha kuwaka. Asije mtu akauza ng'ombe kuufuata wakati kaa lingali chini ya majivu.

Ushauri wetu, baada ya kuwasikiliza waganga, ni kwamba mgonjwa afike kwa bingwa angalau mara moja mapema, ili ithibitike kwamba ugonjwa unafuka kweli na kwamba mifupa imepigwa picha za kutosha. Kisha amwulize bingwa huyo waziwazi: vipimo gani vyaweza kufanyika kwetu, Nyamiaga, Murgwanza, Rulenge au Biharamulo, na vipi ni lazima nivifuate Mwanza? Wingi wa damu na hali ya figo ni vipimo vya kawaida. Hilo peke yake laweza kupunguza safari. Majibu yote yawekwe katika bahasha moja nyumbani, wala yasiachwe kwa mtoto aliyeko Dar. Na akianza maumivu mapya ya mgongo au mbavu, uchovu usioisha, kiu na mkojo mwingi, asingoje tarehe ya kliniki.

Jambo jingine dogo lakini zito: sisi watu wa jembe tukiumwa mgongo hununua diklofenaki dukani kama tunavyonunua chumvi. Kwa mgonjwa wa aina hii dawa hizo, pamoja na ibuprofeni, zaweza kuziumiza figo ambazo daktari anahangaika kuzilinda. Aulize kwanza. Hali kadhalika dawa za mizizi ambazo hakuna ajuaye kipimo chake.

Tunasikia tayari minong'ono kwamba yupo mtu mahali fulani anayeponya saratani kwa maombi na kikombe. Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2011, jinsi magari yalivyopanga foleni ya siku kadhaa kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Hatumhukumu Mchungaji Mwasapila, aliyefariki mwaka 2021. Tunachokumbuka ni wagonjwa walioacha vidonge vyao kwa kudhani wamekwisha kupona. Ugonjwa unaofuka ni chakula kitamu cha waponyaji wa namna hiyo, kwa kuwa mgonjwa hana maumivu. Atakunywa, atajisikia vizuri kama alivyojisikia jana yake, naye atatoa ushuhuda. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinafundisha kumheshimu tabibu kwa kuwa Mungu ndiye aliyemuumba, na papo hapo kinamwagiza mgonjwa kusali. Aliyeandika hakuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili.

Mzee wetu aliuliza pia kama wakati wa Mpako wa Wagonjwa umefika. Tangu Papa Paulo VI alipotengeneza upya taratibu zake mwaka 1972, Kanisa limesisitiza kwamba sakramenti hii si ya mtu anayekata roho tu. Ni ya yeyote anayeanza kuwa hatarini kwa ugonjwa mzito au uzee, na yaweza kurudiwa hali ikizidi kuwa mbaya. Tuliketi naye, tukaongea kwa kirefu, tukampa. Majirani walipotuona tukiingia na mafuta, wawili walianza kulia. Tuliwaomba wakakate kuni.

Sasa tuseme lililo zito moyoni mwetu. Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo mtu akifa, kabla jua halijazama daftari la rambirambi limekwisha kuzunguka, jeneza limeagizwa, sufuria zimekusanywa, na hakuna anayeuliza fedha zitatoka wapi. Ni desturi njema, tunaiheshimu. Lakini mtu huyohuyo akiwa hai, akihitaji nauli ya kwenda Mwanza mara nne kwa mwaka ili kaa lisije likawaka pasipo mtu kuona, daftari halipatikani. Tunaambiwa: “Padre, mbona anatembea? Mbona analima?” Ndiyo, anatembea na analima, na hiyo ndiyo hali tunayotaka adumu nayo. Mchango wa msiba mmoja, kwa tulivyoona sisi, ungempeleka kliniki zaidi ya mwaka mzima. Wengine wanahofu kwamba tukianza kwa mmoja watakuja wengi. Waje. Wapo wenye kisukari, wenye moyo, wenye siko seli, nao hukosa kliniki kwa sababu ileile ya nauli.

Baraza la parokia limekubali kila Jumuiya iwe na daftari la pili, la wagonjwa wanaofuatilia kliniki, likiwa na tarehe ya kila mmoja na jina la mtu wa kumsindikiza. Jumuiya ya mzee wetu imeanza. Nauli ya kwenda imepatikana. Ya kurudi bado, na mweka hazina ataketi chini ya mwembe baada ya Misa ya pili.