Talaka Marekani, nyumba Walikale: aliyelipa kodi ahesabiwe kwanza

Mume yuko Marekani, alifikishwa huko na mpango wa kuhamisha wakimbizi baada ya miaka kambini Uganda. Mke alibaki Mubi, au alirudi Masisi-centre kutazama shamba na wazee. Simu zinapungua mwaka hata mwaka, kisha siku moja karatasi inafika kwa WhatsApp: hakimu wa huko amevunja ndoa. Wiki inayofuata mashemeji wako mlangoni. Kaka yao ameagiza nyumba iuzwe, pesa zikatwe katikati.

Habari ya namna hii si ngeni Masisi na Walikale, na karibu kila mara baraza la familia linauliza jambo moja tu: nani alijenga? Swali hilo halitoshi. Kuna mtu aliyeilinda nyumba na kuilipia miaka yote mwenzake akiwa mbali. Hesabu yake ndiyo ingefunguliwa kwanza, na kabla haijafungwa, hakuna sababu ya kuuza hata bati moja.

Karatasi yenyewe ya hakimu ina nguvu ndogo kuliko mashemeji wanavyodhani. Hakimu wa Texas au Iowa anaweza kumwamuru mtu aliye mbele yake, lakini hawezi kubadilisha jina kwenye parseli ya Mubi. Sheria ya 2013 juu ya mahakama za Kongo inataka uamuzi wa nje upitishwe kwanza na tribinali kuu, ile watu wanayoiita TGI. Na tangu Goma itekwe Januari 2025, mahakama za serikali mjini humo zimesimama, utawala wa jimbo umehamia Beni. Mama wa Masisi atafikaje Beni, na kwa pesa gani, kupinga karatasi asiyoweza hata kuisoma?

Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, iko upande wake zaidi kuliko anavyoambiwa. Wanandoa wasipochagua utaratibu mwingine, mali waliyoipata kwa kazi ya yeyote kati yao ndani ya ndoa ni ya wote wawili. Kila mmoja anabaki na alichokuwa nacho kabla, au alichorithi. Marekebisho ya 2016 yaliondoa pia ile ruhusa ya mume ambayo mke alitakiwa kuiomba, yakaweka kwamba wote wawili wakubaliane. Mauzo yanayofanywa na mashemeji bila sahihi ya mke yanasimama kwa mguu mmoja.

Shida ni kwamba ndoa nyingi za vijijini hazikufika ofisini. Mahari yalitolewa, mbuzi wakaliwa, kwaya ikaimba, lakini daftari la leta halikuguswa. Ndoa ya kimila isiyoandikishwa haina nguvu mbele ya mtu wa tatu, na mnunuzi wa nyumba ndiye mtu wa tatu hasa.

Halafu linakuja neno la ukoo: ardhi ni yetu, bibi achukue vyungu vyake aende. Kwa sheria ya ardhi ya 1973, udongo wote ni mali ya Leta. Ukoo unatumia tu, kama wengine wanavyotumia. Na hata kiwanja kikibaki upande wa mume, nyumba iliyo juu yake ina bei. Mabati yaliyonunuliwa kwa pesa za kasiteriti ya Bisie hayakutoka kwa mababu wa mtu.

Tuje kwenye kodi, mahali ambapo aliyebaki ameumia zaidi. Iko kodi ya ardhi na nyumba, ambayo ni ya jimbo. Iko kodi ya pango kama kuna mpangaji, na sehemu yake mpangaji huikata mwenyewe kabla ya kulipa. Hizo zina risiti. Lakini Masisi na Walikale zina kodi nyingine ambazo hakuna sheria inayozijua. Makundi yenye silaha yamekusanya lala salama na kuuza jetoni za kila mwezi, na asiyekuwa nayo alikamatwa njiani. Wenye bunduki wanabadilika, malipo hayabadiliki. Walikale-centre ilitekwa na M23 Machi 2025, wapiganaji wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Anayekaa hapo hakuweza kumwambia yeyote kwamba alishalipa kwa mwingine.

Baadhi ya watu watasema malipo hayo ni haramu, hayawezi kuingia katika hesabu ya mali. Ni haramu kweli, na wa kulaumiwa ni aliyeyatoza. Aliyeyatoa alinunua usiku wa amani kwa ajili ya nyumba ya watu wawili. Risiti zikikosekana, majirani wapo, na chefu anajua nani alikuwa akilala ndani ya nyumba ile.

Aliye Marekani naye asidharauliwe. Dola nyingi zilizopaua nyumba zilitoka kwenye zamu za usiku katika viwanda vya nyama na maghala ya huko, na ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money unabaki kuwa ushahidi. Ziandikwe zote. Lakini ajue pia kwamba akiuza, mambo hayaishii Masisi. Mkaaji wa Marekani anatakiwa kutangaza huko mapato yake ya dunia nzima, pamoja na pango na faida ya mauzo. Hata kumwachia mke wa zamani nyumba kunahitaji ushauri: kwa kawaida sheria ya huko haitozi kodi ya faida mali inapohama kati ya walioachana, ila msamaha huo haumhusu anayepokea kama ni mgeni asiyekaa Marekani.

Na kama ameshachukua uraia wa Marekani, katiba ya Kongo inasema uraia wa Kongo hauchanganywi na mwingine, wakati haki ya daima juu ya ardhi imewekwa kwa Wakongomani tu. Mgeni hupewa mkataba wa muda. Kwa hiyo jina la aliyebaki kwenye hati linaweza kuwa ulinzi kwa watoto wa wote wawili.

Kuuza sasa ni kutupa. Bei za vita ziko chini, na karatasi inayotolewa chini ya utawala ambao Kinshasa haiutambui inaweza kumgeukia mnunuzi kesho. Njia nyepesi ni mkataba wa maandishi: nyumba inabaki ya wawili, haiuzwi kabla ya muda uliokubaliwa, aliyebaki anakaa, malipo aliyotoa yanakatwa kwenye fungu la mwenzake, na michango ya dola inaandikwa upande wa pili. Mashahidi watoke pande zote mbili, siyo mashemeji peke yao. Nakala moja apewe mpangaji, ili mwisho wa mwezi ajue pango analiweka mkononi mwa nani.